Mstari wa Butoyi

Mimi si mwalimu na sijawahi kujiita mwalimu. Nina duka la steshenari hapa Ngara mjini: natoa fotokopi, nachapa barua, naskani vyeti, napiga picha za pasipoti. Babu yangu, mzee Habibu, alikuja huku kutoka Pangani na marobota ya khanga, akasema atakaa mwaka mmoja, auze, arudi kwao. Hakurudi. Basi sisi ni watu wa duka tangu hapo, na mtu wa duka ana ugonjwa wake: akikutana na mtu mzito wa kuelewa, hasira zinampanda haraka. Mimi, Zulfa, ninao ugonjwa huo, tena umekomaa. Nalisema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele.

Mama Ishimwe aliingia dukani siku ya soko, mwezi wa kwanza, na viatu vya mpira vyenye udongo, amebeba kaunta buku mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi kabla sijamkaribisha. Akasema anatoka Mugoma, ni mhudumu wa afya wa kijiji chao, na anataka nimfundishe Eksel. Nikamwambia aniachie hizo kaunta buku, nitamchapia kwa siku tatu. Akasema hakuja kuchapiwa, amekuja kufundishwa, na aliyatamka maneno hayo mawili polepole kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa.

Akanieleza shida yake. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye anayeandika kila mtoto wa chini ya miaka mitano pale kijijini: jina, mama, tarehe ya kuzaliwa, kilo. Anapita nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza begani, anapima, anaandika. Sasa umekuja mradi wa kugawa unga wa lishe, na mradi hautaki kaunta buku. Kila kijiji kilete orodha yake ya Eksel kwenye fleshi, mwisho wa mwezi wa tatu, katika kikao cha kata. Siku hiyohiyo yataandikwa majina ya watunza orodha. Mhudumu asiyeweza, kazi atapewa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Laptop iko moja tu zahanati, nayo inalala kabatini na kutolewa mara moja kwa wiki, tena watu wanaigombania.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na saba, na elimu yake ni darasa la saba. Nilimtazama vidole vyake, vinene, vimepasuka kwa jembe, nikafikiria kibodi yangu.

"Huyo kijana wa kidato cha nne ataandika vizuri kunishinda," akasema. "Lakini hajui kwamba yule mtoto wa kwa Nzeyimana anayeonekana mnene, si mnene, amevimba. Mimi najua. Daftari likitoka mikononi mwangu, yule mtoto hana mtu."

Nikajaribu tena kumshawishi nimchapie. Akaniuliza, mwezi wa nne nani atamchapia, na wa tano, na wa sita? Tukakubaliana atakuja kila siku ya soko na siku moja nyingine katikati ya wiki, na malipo yake yatakuwa maparachichi na ndizi.

Siku ya kwanza tulimaliza saa nzima kwenye mausi peke yake. Aliibana kama mtu anayemshika kuku asikimbie, na mshale ukawa unaruka huku na huku kwenye kioo. Aliponichosha kabisa, akainyanyua mausi akaielekeza kwenye kioo chenyewe. Nikapumua kwa nguvu. Nikamwonyesha viboksi: juu kuna herufi, pembeni kuna namba, kila kiboksi kina anwani yake. Hapo akanibishia. Kwa nini kiboksi kiitwe C7 wakati ndani yake kuna kilo za mtoto Keza? Kwa nini kisiitwe Keza?

"Kwa sababu mashine haimjui Keza," nikasema, na nilisema kwa ukali.

Akachukua kalamu, akaliandika hilo kwenye jalada la ndani la kaunta buku yake, neno kwa neno. Mimi nikaona ananiudhi makusudi.

Wiki iliyofuata maparachichi yaliletwa na mumewe, Frednand, mzee mpole mwenye koti refu kuliko mwili wake. Yeye ndiye aliyenipa habari za nyumbani. Mkewe amekata vipande vya maboksi, akaandika herufi na namba, akavifunga kwenye migomba. Mistari inayoteremka mlima ni herufi, inayokata ubavu ni namba. Akitaka mkungu haombi tena mkungu, anamwambia nenda D4. Majirani wamekuja kuuliza kama shamba limeuzwa na wapimaji wameshafika. Na juzi yeye Frednand kakosea, kakata D5, mkungu bado mchanga, na alisemwa mpaka chakula kikapoa. Alikuwa anacheka akisimulia, lakini cheko la mtu aliyechoka.

Nilicheka naye, lakini mkewe alipokuja safari iliyofuata nikamtajia F12 kumjaribu tu, na mshale ukaenda moja kwa moja hadi pale bila kutangatanga. Nikamtajia B9. Akaenda. Nikatafuta kosa la kumkosoa, nikalikosa.

Usidhani mambo yalinyooka tangu hapo. Alipoanza kuandika kilo, kila namba aliiwekea neno kilo pembeni, kama alivyozoea miaka yote, na fomula ya kupata wastani ikatoa makosa. Nikamwambia afute neno kilo, abakize namba tupu. Akafuta ishirini, akachoka, akaanza tena kuziandika bila kujua. Mkono ulikuwa umezoea. Tarehe nazo zikageuka, mwezi wa tatu ukawa siku ya tatu. Siku moja safu ikawa nyembamba, tarehe zote zikageuka alama za reli, ####, na yeye akadhani mashine imezipiga mistari kuwa amekosea yote. Aliondoa mikono mezani akaipakata. Nikamwonyesha kwamba tarehe zipo, zimekosa nafasi tu: peleka mshale kwenye mstari kati ya herufi mbili huko juu, bonyeza mara mbili, safu inajipanua yenyewe. Alifanya hivyo, tarehe zikarudi zote. Akaifanya tena na tena, akiibana safu na kuipanua, na kwa mara ya kwanza nikamwona anafurahia ile kompyuta.

Lakini kuna siku nilimkosea adabu. Duka lilikuwa limejaa, vijana wanasubiri kuchapiwa barua za maombi ya kazi, naye kasahau tena kuanza fomula na alama ya sawasawa. Nikapaza sauti mbele ya watu, nikamwambia nimeshamwonyesha mara sita. Duka zima likageuka. Mama wa watu, sawa na mama yangu, kakaa pale na khanga yake begani.

Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mara ya saba basi."

Nilimwonyesha mara ya saba. Tangu siku hiyo hakusahau tena, na mimi sikupaza tena sauti, ingawa Mungu ndiye ajuaye ni mara ngapi nilitamani.

Ikaja kazi yenyewe, kuingiza watoto. Walikuwa mistari mia tatu kumi na nane. Aliwaandika kwa vidole viwili, majuma manne, na kila jina alilitamka kwa sauti ya chini akiliandika, akiongeza habari zake: huyu kaanza kutembea, huyu mama yake kahamia kwa shangazi, huyu hataki uji wa ulezi. Niliwajua watoto wa Mugoma ambao sijawahi kuwaona. Umeme ukikatika anakaa palepale akisubiri, hajiegemezi wala hapigi soga, na ukirudi anauliza kama kazi yake bado ipo. Nilimfundisha kusevu kila baada ya mistari mitano. Yeye akawa anasevu kila baada ya mmoja.

Tulipomaliza tukabaki na jambo moja. Mradi ulikuwa umeandika kwa herufi nzito kwamba mtoto yeyote asitokee mara mbili. Na kaunta buku ya Mama Ishimwe ilikuwa na watoto waliotokea mara mbili, si kwa uzembe wake. Kwao watoto wa baba mmoja hawashiriki jina la mwisho. Kila mtoto hupewa lake, kadiri alivyokuja duniani, tena nyumbani ana jina moja na kanisani jingine. Bibi kamwandikisha mjukuu kwa jina la Keza, mama akirudi kutoka shamba akamwandikisha Leonsia, na huyo ni mtoto mmoja. Kwa majina huwezi kuwagundua.

Hapo nikajivuna. Nikamwambia kuna kazi mashine inaifanya kwa kubonyeza mara moja, inaitwa kuondoa marudio. Unaichagulia safu za kutazama, ikikuta mistari miwili inayofanana kwenye safu hizo, inabakiza mmoja.

"Majina yatatudanganya," nikasema. "Tutachagua jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Mama mmoja hawezi kuzaa mara mbili kwa siku moja."

Akakubali kwa kichwa. Alikuwa amechoka, na mimi nilisema kama mtu mwenye uhakika. Akabonyeza mwenyewe. Mia tatu kumi na nane wakawa mia mbili tisini na mmoja, marudio ishirini na saba yameondoka, na jedwali likakaa safi kabisa. Nikamchapia karatasi bila kumwomba hata parachichi moja. Akasema ataitembeza orodha nyumba kwa nyumba kabla ya kuipeleka, kwa sababu kila anachoandika huwa anakirudisha kwa wenyewe wakione. Nikamwambia haina haja. Akazikunja karatasi akaziweka kwenye mfuko wa plastiki, mvua isizifikie.

Alirudi baada ya siku mbili, na haikuwa siku yake wala siku ya soko. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amelowa mpaka magotini, hana ndizi, hana parachichi. Hakungoja nimwamkie. Akazitandaza zile karatasi juu ya kioo cha kaunta.

"Zulfa, umefuta Butoyi."

Nikamuuliza Butoyi yupi.

"Wote."

Sikuelewa, na ilibidi anieleze kama mtoto. Kwa watu wa huku mapacha hawatafutiwi majina. Atakayetangulia ni Bukuru, atakayefuata ni Butoyi, wawe wa kike au wa kiume. Kijijini kwao kuna mapacha jozi sita. Alifika nyumba ya kwanza, mama yupo mlangoni, mmoja mgongoni, mwingine miguuni. Akasoma: Bukuru yupo. Butoyi hayupo. Akadhani amemruka mwenyewe, akamwomba mama yule radhi, akaenda nyumba ya pili yenye mapacha. Bukuru yupo, Butoyi hayupo. Ya tatu nayo ikawa hivyohivyo. Akarudi nyumbani akafungua kaunta buku, akawakuta wote sita, kwa mwandiko wake, kila Butoyi chini ya Bukuru wake.

"Kwa hiyo mimi niliwaandika," akasema. "Wewe na mashine yako mmewafuta. Ulinifundisha siku ya kwanza kwamba mashine haimjui Keza. Basi na Butoyi haimjui, na wewe hukuniambia."

Ndugu msomaji, nilitafuta mahali pa kuuweka uso wangu. Mama mmoja, tarehe moja, watoto wawili. Mama mmoja hawezi kuzaa mara mbili kwa siku moja, nani aliyesema? Mimi, mtu niliyesoma, binti wa mjini, ambaye mama yangu mdogo mwenyewe ana mapacha wako sekondari. Mashine ikikuta mistari miwili inayofanana, inauacha wa juu na kuuondoa wa chini. Na Mama Ishimwe siku zote alimwandika aliyetangulia kwanza. Kwa hiyo Bukuru wote walibaki, na Butoyi wote walikwenda, bila hata mmoja kuponyoka.

Nikasema ni sita tu, tutawarudisha. Neno lile, "tu", lilimchoma kuliko kosa lenyewe.

"Butoyi ndiye mdogo," akasema. "Ndiye anayenyonya mwenzake akishiba. Katika hao sita, wanne ndio wenye kilo za chini kuliko watoto wote wa kijiji. Unga wenyewe umeletwa kwa ajili yao." Akaanza kuzikusanya karatasi zake. "Na mimi unaniita Mama Ishimwe miezi miwili hii. Jina langu unalijua?"

Nilijua Kalista. Niliwahi kulisikia kwa mumewe.

"Kalista Butoyi," akasema. "Bukuru wangu anaitwa Gaudence, ameolewa Nyamigogo, kule Biharamulo. Ningekuwa mtoto leo, Gaudence angepata unga."

Nilifunga mlango wa duka, mchana kweupe, wateja nje wakinung'unika, nikamvutia kiti karibu na changu. Nilikuwa na aibu na sikutaka kuificha. Nikafungua faili la zamani lenye watoto wote mia tatu kumi na nane. Kwa bahati nilikuwa nimelihifadhi peke yake.

Tiba aliipata yeye, si mimi. Mimi nilitaka tuondoe marudio tena kisha tuwarudishe wale sita kwa mkono. Akakataa. Akasema mwezi ujao watazaliwa wengine, na yeye atakuwa zahanati peke yake, na mashine itakuwa bado haiwajui. Akauliza kama anaweza kuongeza safu mpya. Nikamwambia anaweza. Akaiongeza baada ya tarehe ya kuzaliwa, akaipa jina: Wa ngapi. Aliyezaliwa peke yake anaandikiwa moja. Bukuru moja. Butoyi mbili. Nikamfundisha kuandika moja juu kabisa na kuivuta hadi chini, ikajijaza yenyewe mistari yote, kisha akawatafuta Butoyi wake mmoja mmoja na kuandika mbili, na kwa kila mmoja akalitamka jina la mama yake. Tulipoondoa marudio kwa safu tatu badala ya mbili, yakaondoka ishirini na moja. Wakabaki mia mbili tisini na saba. Akazitembeza tena karatasi nyumba kwa nyumba, na safari hii sikumwambia haina haja.

Kikao cha kata kilikuwa siku ya Ijumaa. Mimi nilikuwepo kwa sababu mradi ulikodi projekta yangu, na projekta yangu haiendi mahali bila mimi. Vijiji tisa, wahudumu tisa, kila mmoja na fleshi yake mkononi. Wengi walikuwa wamechapiwa, nilijua, maana watatu niliwachapia mimi. Aliyeendesha kikao alikuwa afisa wa mradi, kijana anaitwa Ildefonce, mwenye heshima na vidole vyepesi. Akaziunganisha orodha zote tisa katika jedwali moja ukutani. Watoto elfu mbili mia sita na nne. Akaeleza kwamba sasa ataondoa marudio, na kwa kuwa majina huku hayaaminiki, atatumia jina la mama na tarehe ya kuzaliwa.

Nilijua kinachokuja. Ningeweza kusema. Badala yake niliinama nikawa natazama waya wa projekta kana kwamba una kasoro, kwa sababu huyu ndiye mteja wangu na ndiye atakayesaini malipo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Akabonyeza. Marudio mia mbili kumi na tatu yameondolewa, wamebaki elfu mbili mia tatu tisini na mmoja. Watu wakapiga makofi. Ile safu ya Wa ngapi ya Kalista ilikuwa palepale ukutani, pembeni mwa tarehe, tupu kwa vijiji vinane, na hakuna aliyeiangalia.

Kalista akasimama. Kumbuka kwamba majina ya watunza orodha yalikuwa hayajaandikwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa kijana yule. Akamwomba, kwa adabu, atafute neno Butoyi katika orodha. Ildefonce akatabasamu, akasema mfumo umeondoa marudio tu, mama asiwe na wasiwasi. Kalista akarudia ombi lake kwa maneno yaleyale. Kijana akachuja jedwali kwa jina la Butoyi. Ukutani wakatokea wawili. Katika kata nzima, Butoyi wawili.

Kalista akawatazama, akawageukia wenzake. Hakuuliza hao ni wa kijiji gani wala mama zao ni akina nani.

"Hawa wawili," akasema, "Bukuru wao yuko hai?"

Mhudumu mmoja wa nyuma akasema huyo wa kwanza ni wa kwake, na Bukuru wake alifariki mwezi wa kumi. Kisha mwanamke mwingine, polepole, akasema na huyo wa pili ni vivyo hivyo, walimzika wakati wa kupanda maharage.

"Ndiyo maana wamebaki," akasema Kalista. "Hapo ulipobonyeza, umewaacha wale ambao pacha wao yuko kaburini. Wenye pacha aliye hai umewafuta wote."

Hakuna aliyepiga makofi wala kupiga kelele. Niliona shingo ya Ildefonce ikibadilika rangi. Kwa heshima yake niseme, hakubisha. Alirudisha nyuma alichofanya, akachuja tena, wakatokea Butoyi thelathini na wanane, wakajaza ukuta kutoka juu hadi chini. Akawasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akamwomba msamaha, akamuuliza yeye kwake alifanyaje.

Kalista akaenda mbele na viatu vyake vya mpira. Akakaa kwenye kiti cha kijana, akashika mausi bila kuibana, akawaonyesha safu yake. Alieleza polepole, na aliyeuliza kwa nini na wa peke yake aandikiwe moja alijibiwa mara mbili, mara tatu, bila kukemewa. Nilijisikia nikijifunza adabu nikiwa mtu mzima. Jioni ile walikubaliana kila kijiji kiongeze safu ile, na kwamba yeye atapita vijiji vyote vinane kuwaonyesha wenzake.

Mwisho likafunguliwa jedwali dogo: kijiji, mtunza orodha, namba ya simu. Zote zilikuwa zimeshaandikwa isipokuwa safu ya katikati. Ildefonce akamuuliza Mama Ishimwe jina lake kamili ni nani ili amwandike. Akasema ataandika mwenyewe.

Akaandika kwa vidole viwili, ukumbi mzima ukisubiri herufi moja baada ya nyingine. Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Safu ilikuwa nyembamba, na pembeni yake kulikuwa na namba ya simu, kwa hiyo ukutani ikaonekana Kalista But, basi. Ildefonce akamwambia iache tu, mama, jina lote limo ndani, haliwezi kupotea.

Hakuiacha. Alipeleka mshale juu, kwenye mstari kati ya zile herufi mbili, akabonyeza mara mbili, na safu ikajipanua mpaka Butoyi akaonekana wote.